Nchi Iliyotiwa Mfukoni

Ilikuwako nchi moja, na jina lake msiniulize, kwa sababu mara ya mwisho niliulizwa nikajibu na sikuona faida yake. Jueni tu kwamba ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo wa taifa wenye beti saba, na ilikuwa na wezi wa magari. Katika hivyo vitatu, wezi ndio waliokuwa wakifika kazini kwa wakati.

Sitanii. Wezi wa nchi ile walikuwa watu wa nidhamu. Walianza saa mbili asubuhi, saa saba wakapumzika kula, saa tisa na nusu wakafunga. Mtu akiibiwa gari Jumapili, majirani walishangaa, wakasema huyo si mwizi, huyo ni mhuni tu.

Serikali nayo haikulala. Iliunda Wizara ya Mali Zinazosogea, ikampa Mheshimiwa Dakta Mbiu Kilongola, na katika wiki yake ya kwanza Mheshimiwa akagundua chanzo cha wizi. Chanzo kilikuwa wenye magari. "Bila mwenye gari hakuna gari," aliliambia Bunge, "na bila gari, waheshimiwa, mwizi ataiba nini?" Bunge likapiga meza mpaka meza moja ikavunjika. Ikatungwa sheria: atakayeibiwa gari atashtakiwa kwa kosa la kulizembea gari hadi likamshawishi mtu.

Sheria hiyohiyo ilimtaka kila mwenye gari abuni mwenyewe kinga ya bei nafuu, maana wizara haikuwa na fungu, kisha aiandike kwenye fomu na kuipeleka wilayani. Fomu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo siku thelathini, ili mwananchi mwenye pingamizi alitoe. Waliousoma ubao ule kwa makini kuliko wote walikuwa vijana wanne wenye raba nyeupe. Mmoja wao alikuja na daftari.

*

Katika wilaya ya Kando alikaa fundi saa mmoja, Mzee Kipingu, mfupi, mpole, mwenye alama ya kioo cha kukuzia iliyolizunguka jicho lake la kulia. Miaka arobaini alikuwa kwenye kibanda chake cha bati akifungua saa za watu, na hakuwahi kuvunja kitu. Mkewe, Bi Tausi, alizoea kusema kwamba mume wake hata yai halivunji, hulifungua.

Mzee huyu alikuwa na gari. Lilikuwa mkweche wa rangi ya maziwa yaliyoungua, mlango mmoja wa nyuma umefungwa kwa mkanda wa suruali. Mwizi anayejiheshimu asingelisogelea. Lakini magari yalikuwa yanapungua wilayani, na mwenye njaa hachagui.

Mzee Kipingu hakulilinda gari lile kwa sababu ya bati lake. Figo za Bi Tausi zilikuwa zimeacha kazi. Kila Jumanne na Ijumaa ilibidi afike hospitali ya mkoa, mwendo wa saa mbili, alale kando ya mashine ya kusafishia damu, nayo ilikuwa moja mkoa mzima. Basi la kwenda huko lilipita Jumatano. Gari la wagonjwa lilikuwapo, ila lilikuwa linambebea Mkuu wa Wilaya majani ya ng'ombe, na ng'ombe wale walikuwa na afya njema. Daktari alimwambia mzee bila kumzungusha: "Mama akikosa siku moja atavimba. Akikosa mbili mfululizo, usije ukanilaumu."

Tangu siku hiyo, kila gari lilipopunguza mwendo nje ya nyumba, Mzee Kipingu aliinuka. Alikuwa akitoka mezani na tonge mkononi kwenda kuchungulia kama mkweche upo.

*

Majirani walijitahidi, tusiwaseme vibaya. Mlekwa muuza mbao alifunga usukani na pedeli ya klachi kwa mnyororo mmoja, akatia kufuli la ukubwa wa kobe, akajaza fomu. Wezi wakachukua gari, mnyororo wakamrudishia, umepakwa grisi, pamoja na kikaratasi cha kumshauri asiuache ukashika kutu. Bi Nuruana mwenye duka la vitenge alikuwa na magari mawili. Aliliegesha moja limegusa ukuta, la pili nyuma yake mdomo kwa mkia, ili la mbele lisitoke. Wezi wakaanza na la nyuma.

Mwalimu mstaafu Chilumba alikwangua namba ya gari lake kwa msumari kwenye kila kioo, ili likiibwa litambulike. Likaibwa, na kweli likatambulika. Kila siku analiona likipita mbele ya nyumba yake, namba inasomeka vizuri, likiendeshwa na shemeji wa Afisa Usalama wa Vyombo. Mwalimu hujisikia fahari kwamba mwandiko wake haujaharibika. Alishtakiwa akapewa miezi mitatu.

Mzee Kipingu alianza na taa ndogo nyekundu aliyoitoa kwenye redio mbovu. Aliibandika juu ya dashibodi, ikamemeta, mtu adhani kuna king'ora. Asubuhi ya pili taa haipo. Akahamia kung'oa gurudumu moja kila akirudi safari na kuliviringisha mpaka chini ya kitanda. Hilo lilifaa, ila mgongo wake ulikuwa na miaka sitini na minane na ukatoa pingamizi kabla ya mwananchi yeyote.

Ndipo akamkumbuka fundi saa aliyekuwa ndani yake. Fundi saa anajua jambo ambalo watu wa minyororo hawalijui: huhitaji kufunga kitu wala kukivunja ili kisimame. Toa kipuri kimoja kidogo, basi. Akafungua boneti, akaondoa kifuniko cha distributa, akachomoa rota, kile kidude cheusi kinachotoshea kiganjani, kinachozunguka na kugawia plagi moto. Bila hicho, injini inalia tu. Akakiweka kwenye mfuko wa shati, akaenda wilayani kujaza fomu.

Afisa Usalama wa Vyombo, Bwana Ngwatu, aliigeuza ile fomu mbele na nyuma.

"Mzee wangu, hapa pameandikwa maelezo yasiyopungua kurasa tatu. Wewe umeandika maneno manne."

"Natoa rota. Naweka mfukoni," alisoma Mzee Kipingu. "Ndiyo yote, bwana."

"Na mchoro?"

Mzee akachora mfuko.

Jioni alimsimulia mkewe. Bi Tausi alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, akiibonyeza kwa kidole kuona kama imeanza kujaa.

"Ni werevu, Baba Zuhura, sikatai," alisema. "Ila nikuulize. Mwenye mfuko akiondoka?"

"Aende wapi? Mimi niko hapa hapa."

"Nimeuliza tu. Rota kama haipo kwa mwizi na haipo kwenye gari, basi gari lenyewe ni la mfuko."

Mzee akacheka, akamwonyesha mfuko aushike kwa mkono wake mwenyewe, aone kitu kipo.

*

Vijana wa raba nyeupe walisoma fomu, wakacheka, wakaja kesho yake saa mbili na robo. Saa saba walikuwa bado wamo ndani ya boneti. Siku ya pili walikuja na fundi wao. Siku ya tatu hawakuja kuiba, walikuja na kiti, wakakaa wakilitazama gari kwa huzuni kama watu waliofika msibani. Mwenye daftari akabisha hodi, akamwamkia mzee kwa heshima zote, akaomba kuiona rota kwa macho tu. Mzee akakataa.

Miezi miwili ikapita, na wilaya ya Kando ikabakiwa na gari moja la mwananchi ambalo halijaibwa. Hapo wizara ikatangaza kwamba wizi wa magari Kando umeshuka kwa asilimia tisini na tisa, na Mheshimiwa Waziri akaja mwenyewe kuitazama hiyo asilimia moja. Alikuja na msafara wa magari kumi na sita, akaondoka na kumi na moja, lakini hayo hayakuandikwa.

Alilizunguka gari. Akaomba kuonyeshwa silaha. Mzee Kipingu akaingiza vidole mfukoni, akaitoa rota, akaiweka kwenye kiganja cha Mheshimiwa. Waziri aliitazama muda mrefu, machozi yakamlengalenga.

"Ndugu wananchi," alisema, na kipaza sauti kikasogezwa. "Tumehangaika na kufuli. Tumehangaika na walinzi. Kumbe taifa letu linaweza kulindwa kwa mifuko. Kitu kinachofanya kazi kinaibika. Kitu kisichofanya kazi, ndugu zangu, nani atakitaka? Naagiza kuanzia leo kila mali ya umma iondolewe kipuri chake kimoja cha lazima, na kipuri hicho kikae mfukoni mwa mkubwa wa mahali, yeye na si mwingine. Nao utaitwa Waraka wa Kipingu."

Watu wakapiga vigelegele. Mzee wetu alisimama pale akipigwa picha, na sitawadanganya, alijisikia mkubwa. Miaka arobaini ya kuinama juu ya saa za watu, na leo jina lake liko kwenye waraka. Alimtafuta mkewe kwa macho. Bi Tausi alikuwa amekaa ndani ya gari kwa sababu miguu haikumruhusu kusimama, na hakuwa anapiga vigelegele.

*

Waraka ulitekelezwa kwa kasi ambayo nchi ile haikuwahi kuiona. Pampu ya maji ya mtaa ilitolewa mpini wake, ukakaa kwa Mtendaji, ambaye akawa anatembea ameegemea upande mmoja. Mwalimu Mkuu alichukua ulimi wa kengele ya shule, kisha akapata mafua, na watoto wakakaa darasani mpaka magharibi wakisubiri kutolewa. Gari la zimamoto lilipokonywa mdomo wa mpira. Soko likaungua kwa utulivu, na baadaye ikathibitishwa kwamba hakuna kilichoibwa. Bungeni walitoa waya mmoja wa vipaza sauti, na ilichukua wiki tatu kabla mtu hajagundua tofauti.

Wakubwa wakaanza kujulikana kwa mifuko yao. Washona nguo walipata kazi. Mtu alipoulizwa cheo chake hakusema tena ni mkurugenzi au katibu, alisema ana mifuko sita.

Mzee Kipingu alianza kupata shida kulala. Watu wa mtaa waliokuwa wakienda mtoni na ndoo hawakumtukana, walimwamkia vilevile, ila walimwamkia kwa mkato. Aliandika barua wizarani kueleza kwamba rota yake ilikuwa inarudi kwenye gari kila safari, na kwamba hiyo ndiyo nusu ya pili ya mbinu. Akajibiwa kwamba fomu yake ina maneno manne, na hakuna hata moja linalosema "narudisha".

Kisha ikaja barua nyingine, yenye muhuri wa dhahabu. Ijumaa ingekuwa Siku ya Rota. Wakubwa wote wa mikoa wangekusanyika katika ukumbi wa mji mkuu, na Mzee Kipingu angevishwa nishani. Akajibu kwa adabu kwamba Ijumaa anampeleka mkewe hospitali. Wakamjibu kwamba nishani inaweza kuvishwa kiti chake.

*

Jumanne ya wiki ile Bi Tausi hakusafishwa damu. Walikuta wahudumu wako uwanjani wakifanya mazoezi ya maandamano ya Ijumaa, wakaambiwa warudi Ijumaa hiyohiyo. Ilipofika Ijumaa alikuwa amevimba uso, pete haitoki kidoleni, na kila sentensi aliipumzikia katikati. Mzee Kipingu alimbeba mpaka garini. Akatia rota. Mkweche ukawaka mara moja.

Wodini walimkuta Sista Yunisi, muuguzi aliyemhudumia Bi Tausi tangu mwanzo. Alikuwa amekaa kando ya mashine, mikono mapajani. Alipowaona alisimama, akakaa tena.

"Baba," alisema, "mashine haizunguki."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Ni nzima kabisa. Kipuri chake anacho Mganga Mkuu."

"Naye yuko wapi?"

Sista Yunisi hakumtazama. "Amekwenda kwenye sherehe yako, baba."

Mzee Kipingu alishika ukingo wa kitanda. Alisikia maneno vizuri, ila yalikawia kufika. Sista akatoa simu yake mwenyewe, akapiga, akampa. Sauti ya Mganga Mkuu, Dakta Mtupili, ilikuja kwa kunong'ona, na nyuma yake palikuwa na makofi.

"Ninacho hapa kifuani, mzee wangu. Kiko salama. Usiwe na wasiwasi hata kidogo, hakijaibwa."

"Kilete, daktari. Nakuomba. Mke wangu anakufa."

"Nitakuja na nini? Basi la wajumbe rota yake anayo Katibu Mkuu. Katibu Mkuu yuko jukwaani. Ngazi ya jukwaa imetolewa komeo, komeo analo Waziri, na Waziri anahutubia."

"Amefika wapi?"

"Utangulizi," alisema Dakta Mtupili, na simu ikakatika.

Mzee akavaa kioo chake cha kukuzia. Akatoa kibano na bisibisi ndogo. Mlinzi aliyekuwa mlangoni akainua bunduki, akamwambia ni marufuku kugusa, kwa kuwa mtu akiweza kuwasha kitu bila kipuri, Waraka unakuwa umevunjwa. Lakini kifyatulio cha bunduki kilikuwa mfukoni mwa Kamanda, na wote wawili walilijua hilo, kwa hiyo mlinzi akaishusha, akaangalia pembeni. Fundi akafungua kifuniko cha mashine. Ndani aliona kishimo cha mviringo, na katikati yake mhimili mtupu. Hakuhitaji kuuliza. Pale ndipo pampu ya kusukuma damu ilipokuwa inazunguka, na kilichochomolewa kilikuwa rota.

Alijaribu. Alitumia gurudumu la saa, akatumia mpira, akatumia kizibo cha chupa alichokichonga kwa wembe. Kila alichokiweka kilizunguka nusu kikaanguka. Mwishowe aliitoa mfukoni rota ya gari lake, aliyoichomoa walipoegesha, akaishikilia juu ya kile kishimo, ingawa alijua kabisa kwamba haiwezi kuingia. Haikuingia. Redio ya wodini, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa nzima, ikasema kwa sauti ya Mheshimiwa: "Leo hii, ndugu wananchi, hakuna mwizi hata mmoja katika nchi yetu anayeweza kuwasha kitu chochote."

Mzee Kipingu akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na kioo cha kukuzia kikiwa bado jichoni.

"Baba Zuhura," Bi Tausi alimwita. "Njoo."

Akaenda.

"Usilie. Mji mkuu... una mashine ngapi?"

"Tatu," alijibu Sista Yunisi. "Nazo zimetolewa vipuri vilevile, mama. Wenye mifuko wako ukumbini."

"Wote?"

"Wote. Mifuko yote ya nchi hii leo iko chumba kimoja."

Bi Tausi alimtazama mumewe. Akanyoosha mkono ainuliwe.

*

Sista alimshika Bi Tausi mkono mmoja, mzee akashika wa pili, wakamfikisha garini. Rota ikarudi mahali pake. Gari likawaka. Lakini kwenye geti la hospitali kizuizi kilikuwa kimeshushwa, bomba la chuma limelala njia nzima.

"Asubuhi kilikuwa juu," Mzee Kipingu alimwambia mlinzi wa geti.

"Asubuhi Katibu wa Hospitali alikuwa hajaondoka. Ameenda na pini yake, mzee."

"Nina mgonjwa."

"Namwona." Mlinzi akainama dirishani, akamwona vizuri zaidi, akasimama wima. "Mimi, mzee wangu, ningepiga filimbi. Ila punje ya filimbi iko kwa mkubwa." Akarudi nyuma hatua tano, akageuka kuutazama ukuta.

Mzee Kipingu akarudisha gari nyuma mpaka kwenye ngazi za hospitali. Akafunga mkanda wa mkewe, akauvuta mara mbili. Halafu mtu ambaye hata yai halivunji akakanyaga mafuta mpaka chini. Bomba likapinda, likang'oka, likaruka pamoja na taa moja ya mbele, na mkweche ukashika barabara ya mji mkuu.

Hakuna aliyewafukuza. Gazeti la serikali baadaye liliandika kwamba polisi walionyesha uvumilivu mkubwa. Ukweli ni kwamba magari yote ya polisi yalikuwa yamelindwa vizuri mno.

Mji mkuu ulikuwa mwendo wa saa nne. Redio ya gari ilikuwa inakwaruza, na Mheshimiwa alikuwa anamaliza kuwashukuru waliomtangulia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mzee Kipingu alimwombea kiongozi aseme sana, asichoke, asikaukiwe, Mungu amzidishie maneno, ili wasitawanyike na mifuko yao kabla hajafika.

"Ukifika... utawaambiaje?" Bi Tausi aliuliza, macho ameyafumba.

"Nitawaambia nimekuja kuchukua nishani yangu."

Akamwona anatabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

"Waambie kwanza... watoe mikono mifukoni."

"Nitawaambia, Mama Zuhura."

Alingoja amjibu. Walipita kituo cha mafuta kisichokuwa na mpira, wakapita shule iliyojaa watoto wasiotolewa, wakapita daraja. Waziri akatangaza kwamba sasa anaingia kwenye hoja ya kwanza kati ya kumi na mbili. Mkono wa Bi Tausi ulikuwa umelala juu ya mfuko wa shati la mumewe, ule uliokuwa mtupu sasa, na kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirisha. Mzee Kipingu alijiambia kwamba amelala, akakanyaga mafuta.